Mpaka Ashindwe Kusema

Siku Nyapara alipoanguka, alikuwa katikati ya kumtukana mkewe. Jengo zima tulilijua hilo, maana sauti yake ilizoea kushuka na ngazi kila jioni, na siku ile ilikatika ghafla. Mimi naishi chini yao. Nilikuwa nachambua maharage mezani nikamsikia akisema, "Wewe mwanamke, shati hili umelipiga pasi au umelikalia?" Kisha kishindo, kisha kimya.

Nilipopanda nilimkuta amelala kati ya meza na kabati, mkono kifuani, uso umekuwa rangi ya majivu, jasho linamtiririka kama aliyemwagiwa ndoo. Mkewe alikuwa amesimama karibu na dirisha akizungusha waya wa pasi kwenye mpini wake, taratibu, bila haraka yoyote. Alipomaliza ndipo akaniambia, "Mwenzangu, nisaidie kutafuta gari." Miezi kadhaa baadaye nilimuuliza kwa nini alianza na pasi. "Ingeunguza shati," akasema, na hakucheka.

Tulimwita Mama Pasi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa kwenye kampuni ya udobi inayofua mashuka ya mahoteli, kutwa kasimama mbele ya mashine ya mvuke, na akirudi nyumbani anakuta nguo za mumewe zinamsubiri. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, madogo madogo, ya kazini. Moja lilikuwa kubwa, pana chini na lenye ncha juu, umbo la pasi kamili, na hilo halikutoka kazini. Hakuwahi kulizungumzia, na sisi hatukuwahi kuuliza.

Mumewe alikuwa nyapara wa makuli kwenye ghala la saruji na unga. Miaka mingi alikuwa hajainua gunia. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kivulini, filimbi shingoni, sigara mdomoni, akiwapigia kelele wanaobeba. Nje ya nyumba alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwepesi wa kununulia wenzake chai. Ndani ya nyumba alikuwa vile tulivyomsikia.

Hospitali walimwokoa. Walimpitishia kibomba chembamba kwenye mshipa wa moyo, wakamzibulia palipoziba, wakamrudisha nyumbani na mfuko wa vidonge. Hapo ndipo tulipomwona mtu mwingine kabisa. Hofu ilimwingia hadi kwenye mifupa. Alikuwa haendi hata msalani peke yake. Alilala chali na fimbo pembeni, akitaka maji anagonga ukuta, akitaka mto ugeuzwe anagonga ukuta. Mama Pasi alikuwa akitoka kazini miguu imemvimba, kisha anaanza zamu ya fimbo.

Ilipotimia wiki ya kwenda kliniki ya mazoezi, alimvalisha viatu kama mtoto na kumpeleka. Niliwasindikiza, maana hakuweza kumshika peke yake. Mtaalamu alikuwa binti wa miwani, mwenye sauti ndogo na subira ya ajabu. Alimketisha Nyapara kwenye baiskeli ile isiyokwenda popote, akambandika nyaya kifuani, akamweleza.

"Mzee, moyo ni msuli. Kutembea polepole ni kuzuri, na utaendelea kutembea. Lakini tukitaka upate nguvu upya, inabidi tuushtue kidogo. Unakwenda kwa nguvu dakika chache, unapunguza mpaka pumzi irudi, unakwenda tena kwa nguvu. Mara nne, basi. Kwa wengi wenye hali kama yako, matokeo yake huwa makubwa kuliko mwendo wa pole wa muda mrefu. Ila tunaanzia hapa, mashine ikikuangalia."

"Na nani ataniambia mimi niende kwa nguvu?"

"Mimi, mzee."

Nyapara akamtazama kuanzia miwani hadi viatu. "Mimi naamrisha wanaume hamsini," akasema. "Siamrishwi na mtoto wa kike."

Binti wa miwani hakuudhika. Alimgeukia Mama Pasi, aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani. Alimwambia kwamba baada ya wiki chache za hapo kliniki, vipimo vikiwa vizuri, mgonjwa ataendelea nyumbani, na ngazi za jengo zinatosha kabisa. Kitakachohitajika ni mtu wa kumsimamia.

"Nitajuaje kama anakwenda kwa nguvu ya kutosha?" Mama Pasi akauliza.

"Mwongeleshe. Akikujibu sentensi nzima, bado anacheza. Akibaki na neno moja moja, hapo ndipo panapotakiwa. Akiwa katika kile kipindi cha nguvu hapaswi kuweza kubishana na wewe."

"Samahani, mwanangu. Rudia hapo."

"Hapaswi kuweza kubishana na wewe, mama. Akilalamika maumivu ya kifua au kizunguzungu, simamisha na mlete hapa. Na mapumziko usiyaruke, mapumziko ni nusu ya dawa."

Tukiwa njiani kurudi, Nyapara aliongea mwanzo hadi mwisho, akimtukana yule binti, kliniki, dereva na mkewe. Nilimtazama Mama Pasi. Alikuwa akitabasamu dirishani, tabasamu la mtu anayesoma kitu kizuri.

Baada ya zile wiki za baiskeli, ngazi zilianza. Jengo letu lina ghorofa nne, ngazi za saruji zilizolika kingo, bomba la chuma la kushikilia, ukuta uliopakwa kijani nusu na kuchakaa usawa wa mabega ya watu. Mama Pasi angeweza kuchagua alfajiri, wakati kila mtu yuko ndani. Alichagua saa kumi na moja jioni, watu wametoka kazini, watoto wako uwanjani, wanawake wako bombani. Alisimama kwenye kibaraza cha ghorofa ya tatu na simu mkononi, saa ya simu inahesabu, akaita chini, "Baba watoto, panda."

Nyapara alipanda kama mtu anayekwenda kulipa faini.

"Miguu hiyo umeazima?" mkewe akauliza kutoka juu. "Panda kwa nguvu. Umekula nini leo?"

"Nimekula ulichopika, mchuzi wako ule usio na..."

"Unaongea sana. Ongeza mwendo."

Aliongeza, maana nyuma ya sauti ya mkewe alikuwapo yule binti wa miwani, na nyuma ya yule binti kilikuwapo kifo, na kifo alikiogopa. Alipofika juu, mdomo ulikuwa wazi kama wa samaki. Mkewe akamrudisha chini, akampandisha tena.

"Siwezi," akasema.

"Hilo ni neno moja. Vizuri. Endelea."

"Nakufa."

"Moja tena. Una kifua kinauma? Kizunguzungu? Hakuna? Basi panda."

Akashika lile bomba la chuma kwa mikono miwili, akamwangalia kwa macho mekundu. "Nitakuua," akasema.

"Nalo ni neno moja," Mama Pasi akamjibu. "Uko palepale panapotakiwa."

Chini watu walipasuka kwa kicheko. Walicheka wakubwa kwa wadogo. Siku ya pili kuna aliyetoka na kigoda. Kufikia mwisho wa wiki watoto walikuwa wamejua kuigiza namna anavyohema, na mmoja aliiga hata namna anavyoshika magoti. Mama Pasi hakuwafukuza. Wakati wa mapumziko, ambao hakuupunguza hata chembe, alimwacha mumewe akae kwenye ngazi mbele ya macho yote yale, na yeye akamsomea makosa yake kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma hesabu ya mashuka: siku aliyommwagia chai, siku aliyomfungia nje na mvua, siku ya pasi. Nyapara alikuwa anavuta pumzi tu. Pumzi ilipomrudia na akaweza kujibu, mapumziko yalikuwa yamekwisha.

Kuli mmoja alikuja kumjulia hali. Makuli wenzake walimwita Kijiti kwa wembamba wake, mtu wa makamo, mpole, aliyekuwa akimshikia Nyapara zamu kule ghalani. Alisimama karibu nami kofia mkononi, akasikiliza Mama Pasi akipiga kelele, "Gunia la unga lina akili kuliko wewe."

"Hayo maneno nayajua," Kijiti akaniambia kwa sauti ya chini. "Ni yake mwenyewe. Sisi hutuambia hivyo kila asubuhi."

"Na unaonaje?"

"Naona haya," akasema. "Lakini sijaondoka."

Binti yao alikuja likizo. Ni mwalimu wa watoto wadogo, anaishi mbali, na huja mara chache. Aliingia na begi lake akamkuta baba yake kwenye kibaraza, ametapika, na mama yake anamkabidhi kitambaa afute mwenyewe.

"Pumzika huku unafuta," Mama Pasi alikuwa akisema.

Binti akaweka begi chini. "Mama, unamtesa."

"Nenda kliniki ukawaulize kama namtesa. Vipimo vyake vinapanda kila wiki."

"Sizungumzii kliniki. Nauona uso wako."

Mama Pasi akamgeukia binti yake. "Umeanza lini kuangalia uso wangu?" akamuuliza. "Mimi nikiwa chini pale sebuleni, wewe ulikuwa unaongeza sauti ya redio."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Sasa wewe ni mtu mzima. Mpe baba yako maji, kabakiza mara mbili."

Binti alimpa maji. Alikaa siku mbili badala ya wiki mbili alizokuwa amepanga, na siku ya kuondoka alimuaga baba yake tu.

Tatizo, kama mtu anaweza kuliita tatizo, ni kwamba dawa ilifanya kazi. Ilifanya kazi kuliko wote tulivyodhani. Tumbo lilianza kuporomoka. Rangi ya majivu ikaondoka usoni. Sigara alikuwa ameziacha kwa hofu, na sasa hofu yenyewe ilikuwa ikiondoka. Alipofika ghorofa ya tatu hakushika tena magoti. Kwenye kliniki walimpandisha ile baiskeli wakashangaa, wakaita na daktari mwingine aje atazame karatasi inayotoka kwenye mashine. Binti wa miwani akamshika Mama Pasi mikono yote miwili, yenye makovu, akamwambia, "Mama, wagonjwa wengi wanaishia njiani kwa sababu hawana wa kuwasukuma. Huyu umempa moyo mpya wewe."

Mama Pasi alinisimulia hayo bombani, akisuuza ndoo iliyokuwa safi tayari.

"Nilidhani mambo ni mawili," akasema. "Ama afe, ama apone awe mtu. Sikuwaza kwamba atapona awe yeye."

"Unajuaje bado ni yeye?"

"Jana alipanda mara ya nne, mbio, na kabla hajafika juu akaniambia, 'Kesho nataka shati jeupe, na safari hii unyooshe kola vizuri.' Sentensi nzima. Hakupumua hata katikati."

"Wewe ukamwambia nini?"

"Nilitia simu mfukoni. Ningemwambia nini? Kapona."

Jioni ile hawakutoka. Watoto walikaa kwenye ngazi wakisubiri mchezo wao, kisha wakatawanyika. Kabla wiki haijaisha nilisikia kishindo juu ya kichwa changu, na safari hii hakikuwa cha mtu kuanguka mwenyewe. Nilipanda, nikagonga. Nyapara alifungua mlango kwa tabasamu, kifua mbele, akaniambia wanahamisha kabati. Nyuma yake kabati lilikuwa palepale. Mama Pasi hakuonekana kazini siku tatu.

Nyapara alirudi ghalani akiwa na nguvu alizokuwa nazo ujanani, na alirudi na wazo. Kiti cha kivulini alikipiga teke. Aliwapanga makuli mstari mmoja, akawaeleza kwamba mwili wa binadamu ukisukumwa kwa vipindi unaongezeka nguvu, hayo ni mambo ya kitaalamu, yeye mwenyewe ni ushahidi. Filimbi ya kwanza, mtu anachukua gunia na kupanda ubao wa lori mbio. Filimbi ya pili, anateremka. Filimbi ya kwanza tena. Malori yaliyokuwa yakijaa mchana sasa yalijaa asubuhi. Mwenye ghala alikuja mwenyewe kutazama, akampiga Nyapara begani, akasema huyu mtu kaugua ugonjwa wenye faida.

Mama Pasi alipata habari hizo mezani, mumewe akijisifu huku anatafuna.

"Na mapumziko?" akamuuliza.

"Mapumziko gani?"

"Yule binti wa kliniki alisema ni nusu ya dawa. Unakwenda kwa nguvu, unaacha pumzi irudi. Mimi sikukunyima hata mara moja."

"Hayo ni ya wagonjwa. Wale wazima."

"Wewe ulipimwa kwanza. Walikubandika nyaya wiki nzima nzima kabla hujagusa ngazi. Wale nani kawapima?"

Aliinua mkono, na Mama Pasi akanyamaza. Hivi ndivyo alivyoniambia, neno kwa neno: "Nikanyamaza, mwenzangu. Nilikuwa na jicho moja tu zima."

Kijiti alianguka asubuhi ya jua kali, juu kabisa ya ule ubao, na mfuko wa saruji begani. Waliokuwa karibu wanasema alikuwa amesimama kidogo na kuinua kidole, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Filimbi ikalia. Akapiga hatua moja, magoti yakakunjika, akaenda chini ubavu ubavu, na mfuko ukamfuata. Hakufa. Nyonga ilisagika, uti wa mgongo ukapata nyufa, na miguu ikakataa kusikia. Ofisini iliandikwa kwamba alipanda ubao kizembe, na Nyapara ndiye aliyesimulia namna ilivyokuwa.

Mama Pasi alikwenda kumwona, nami nikaenda naye. Chumba kilikuwa kimoja, pazia katikati, kitanda kimeinuliwa kwa matofali ili mke asiiname sana akimgeuza. Kijiti alikuwa macho. Alitusalimia vizuri, akaomba radhi kwamba hawezi kutuinukia. Mkewe hakutukaribisha viti. Alikuwa anakamua kitambaa kwenye beseni.

"Tunaambiwa mchezo huo umeanzia kwako," akamwambia Mama Pasi.

"Ulianzia kliniki, dada. Mimi nilimsimamia mgonjwa wangu."

"Na ukamsimamia vizuri. Mji mzima unasema. Alikuwa hawezi kwenda msalani, leo anakimbia." Akatandaza kitambaa juu ya miguu ya mumewe, ile miguu miembamba iliyolala kama ya mtu mwingine. "Haya, kuna huyu. Simama hapo kichwani, mwambie apande."

Kijiti akasema, "Mama, mwache mgeni." Mkewe hakumwacha. Alisogea pembeni kabisa, akampisha Mama Pasi nafasi kando ya kitanda, akasubiri. Mama Pasi alisimama pale. Akaangalia miguu ile, akaangalia mlango, akaweka mezani vitambaa na sabuni tulivyoleta. Tulipotoka nje yule mke alitufuata na vile vitu, akavirudisha kwenye mkoba wa Mama Pasi kimoja kimoja, polepole, majirani wakitazama.

Baada ya hapo Nyapara alikabidhiwa ghala la pili pia.

Mwaka ulipogeuka kliniki ilifanya siku ya wagonjwa wapya, wakamwomba mzee aliyepona vizuri kuliko wote aje awape moyo. Alikwenda na shati jeupe, kola imenyooka kama karatasi. Alisimama mbele ya watu waliokuja na wake zao na waume zao, wenye nyuso za majivu kama uso aliokuwa nao yeye, akaongea. Aliongea muda mrefu sana. Alisema siri ni nidhamu, na kwamba yeye alijisukuma mwenyewe. Binti wa miwani alipiga makofi. Mama Pasi alikuwa amekaa safu ya nyuma na mkoba wake mapajani.

Kando yake alikaa mwanamke mmoja na mumewe, mtu mnene aliyelegea kwenye kiti. Yule mume alikuwa akitaka maji hasemi, anapiga vidole tu, tap, na mke anafungua chupa. Mkewe alipochelewa kuifungua, alimfinya paja, kwa kuzungusha, huku macho yake yako mbele kwa mzungumzaji.

Mwanamke akamgeukia Mama Pasi. "Yule anayeongea ni wako?"

"Ndiye."

"Una bahati. Wangu hata ngazi tatu zinamshinda. Wewe ulimfanyaje?"

Mama Pasi anasema alimtazama kwanza yule mume, akamtazama vizuri, vidole vyake na paja la mkewe.

"Mtembeze polepole," akamwambia. "Polepole tu. Akisema amechoka, mwache akae."

"Lakini pale wamesema kwamba ukimpa vipindi vya nguvu..."

"Nimesikia walichosema."

Yule mwanamke alimwangalia, akadhani labda hakusikia vizuri, akafungua tena mdomo kuuliza. Vidole vikapiga, tap, akageukia chupa.

Nilipomuuliza Mama Pasi kama usingizi ulimjia usiku huo baada ya kumpa mtu ushauri wa namna ile, alisema ulimjia mzuri kuliko siku nyingi. Kilichomchosha ni njia ya kurudi, maana Nyapara siku hizi hapandi gari kwa umbali mfupi. Walirudi kwa miguu, yeye ametangulia na mikono mitupu, mkewe nyuma na mkoba, koti na cheti alichopewa. Magoti ya Mama Pasi yameharibika kwa kusimama mbele ya ile mashine ya mvuke. Walipofika kwenye mlima wa kuingia mtaani kwetu alikuwa ameachwa mbali. Mumewe alimsubiri juu, mikono kiunoni, hata jasho hana, ili akifika amwambie jinsi anavyojikokota.